Salamu Zimekwisha: Maisha ya Sista Jenoveva wa Rangwi

Alizaliwa Rangwi, katika milima ya Usambara, mwezi wa Julai mwaka 1961, majira ya kipupwe, wakati ukungu unapolala juu ya mashamba ya viazi hadi jua limepanda sana. Baba yake, Nikodemo Shemndolwa, alikuwa katekista wa kigango. Mama yake, Beatha, alilima maharage na kuuza mapeasi siku za soko. Walimbatiza jina Jenoveva. Yafaa tuseme wazi tangu mwanzo kwamba Kanisa halijatamka neno lolote juu yake, nasi hatuna mamlaka ya kulitangulia. Tukimwita mtakatifu katika kurasa hizi, twamwita kama wanavyomwita watu wa milimani, Wakristo kwa Waislamu, ambao hawakusubiri ruhusa ya mtu.

Waandishi wa maisha ya watakatifu hupenda kusema kwamba mtoto alikuwa akisali kabla hajaota meno. Sisi hatuwezi kumsingizia. Jenoveva alikuwa mtoto mkaidi, mwenye mdomo, mcheshi mahali pasipotakiwa mzaha, na mara nyingi alitolewa nje ya rozari ya familia kwa sababu ya kicheko. Alikuwa na hasira ya karibu pia, na hasira hiyo hakuizika alipovaa shela. Tunaamini Mungu aliipenda hivyohivyo, kwa maana aliitumia sana.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi na saba, mama yake alishikwa na saratani ya titi. Hapa msomaji asiyetoka milimani aelewe jambo moja. Kwa Washambaa salamu si kitu cha kupita nacho mbio. Huulizwa habari za nyumba, za watoto, za ng'ombe, za shamba na za mvua, na kila swali hujibiwa kwa wema: niwedi, yaani ni njema, sijambo. Hata aliyefiwa jana hujibu kwanza kwamba ni njema. Watu wakishakaa na kutulia ndipo hueleza msiba wake. Kujibu vibaya ndani ya salamu ni kukosa adabu. Basi wageni wakaja kumtazama Beatha, wakamsalimu, akajibu niwedi, wakaaga kwa kuwa walikuwa na mashamba yao, wakaenda wakimsifu kwa uvumilivu. Wakishatoka, Beatha alijaza pindo la kanga kinywani na kuliuma, na Jenoveva ndiye aliyeifua kanga ile yenye matundu ya meno.

Siku ya mazishi padre alihubiri juu ya ukimya wa Beatha, jinsi alivyobeba msalaba wake bila neno. Waumini walilia kwa kuguswa. Njiani kurudi nyumbani, binti alimwambia baba yake maneno ambayo mzee Nikodemo aliyakumbuka mpaka uzeeni: "Baba, mama hakunyamaza. Ni sisi hatukusubiri salamu ziishe."

Mwaka 1981 aliingia katika shirika dogo la masista wa jimbo. Wakubwa wake walimpeleka kusomea uuguzi, na baadaye Moshi kusomea ganzi na usingizi, kazi ya kumlaza mgonjwa ili apasuliwe asisikie kitu. Alirudi milimani mwaka 1992, akapangiwa hospitali ya misheni ya Kwemtindi, na huko akafanya kazi kwa miaka mingi katika chumba cha upasuaji. Akina mama waliojifungua kwa kisu walimjua kwa macho tu, kwa sababu uso wake ulikuwa nyuma ya barakoa. Walimwita Sista Nusukaputi. Neno hilo limebaki kwetu tangu enzi za Wajerumani, na kila mtu anajua maana yake: dawa ya kumfanya mtu awe nusu ya kufa. Sista alilichukua jina hilo kwa furaha. Alikuwa akiwaambia wagonjwa wake kwamba hiyo nusu inayokufa ni ya maumivu, na nusu nyingine hakuna mwenye ruhusa ya kuigusa.

Lakini moyo wake ulikuwa kwa wale wasiopasuliwa. Aliwaona wakija na saratani iliyokwisha kusambaa, wakiambiwa kwa upole kwamba hakuna la kufanya, kisha wakirudishwa nyumbani na vidonge vya kichwa. Ilimuudhi. Alisema hadharani, mbele ya madaktari, kwamba "hakuna la kufanya" ni uongo unaosemwa na watu waliochoka. Hospitali ilipopata kibali cha kuweka mofini ya maji, dawa inayonywewa kwa kipimo na kutuliza maumivu makali, aliomba aitembeze majumbani, naye akapewa. Kuanzia mwaka 2012 watu walimzoea: mwanamke mfupi mwenye shela na gambuti zenye matope, nyuma ya pikipiki, begi la dawa likiwa limekumbatiwa kama mtoto.

Jaribu lake la kwanza lilitoka nyumbani mwake. Walikuwapo waliosema kwamba anawalewesha watu wanaokufa, wasiweze kuungama wala kusali. Mama Secilia, mkuu wa shirika wakati huo, mwanamke mwadilifu asiyetabasamu ovyo, alimwita ofisini. Alimwambia: "Sista, unawanyang'anya watu msalaba wao." Jenoveva alikuwa na majibu mengi ya hasira tayari mdomoni, tunajua, maana aliyasimulia mwenyewe baadaye huku akicheka. Yaliyotoka ni haya tu: "Mama, Bwana wetu pale Golgota aliletewa divai yenye manemane, akaikataa. Ni haki yake. Lakini aliletewa. Mama yangu hakuletewa."  Mama Secilia akamruhusu aendelee, kwa sharti asikose sala za jioni. Sharti hilo, tuseme ukweli, Sista alilivunja mara nyingi.

Jaribu la pili lilikuwa zito zaidi, kwa kuwa lilitoka kwake mwenyewe. Mwaka 2014, huko Mgwashi, alikuwako mjane aitwaye Hadija, Mwislamu, mkulima wa kabichi na tangawizi, mwenye saratani ya shingo ya kizazi. Sista alifika kwake alasiri moja huku mvua ikija na dereva wa pikipiki akitazama mawingu. Hadija alisimama mlangoni kumpokea, ameegemea mwimo, kanga zake zimefungwa vizuri.

"Onga mshi, Hadija," alisema Sista, kwa salamu ya mchana ya Kishambaa.

"Niwedi, Sista."

"Watoto?"

"Niwedi."

"Na maumivu je?"

"Niwedi."

Sista akamwachia dawa ileile kwa kiasi kilekile, akapanda pikipiki, akaondoka kabla mvua haijamkuta.

Aliporudi baada ya majuma machache, njia ya mbele ilikuwa imechukuliwa na maji, akapitia shambani na kutokea nyuma ya nyumba bila mtu kumwona. Alimkuta Hadija amepiga magoti sakafuni, kifua kikiwa juu ya kitanda, pindo la kanga kinywani. Binti yake, Salama, alikuwa akimkanda mgongo. Salama alishtuka, akaamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akasema yaliyokuwa yakimsonga: mama yake hakuwa amekaa kitako tangu Ramadhani iliyopita. Alilala kifudifudi. Alikula akiwa amepiga magoti. Mgeni akibisha hodi, husimama.

"Mbona hukuniambia?" Sista alimuuliza Hadija.

Hadija alitoa kanga kinywani. "Uliniuliza kwenye salamu, Sista. Ningekujibu nini?"

Sista Jenoveva aliketi chini palepale. Yeye aliyefua kanga ya mama yake, yeye aliyemlaumu padre na kijiji kizima, alikuwa amefanya kosa lilelile, tena kwa Kishambaa fasaha. Alilia bila kujificha. Alimwomba Hadija msamaha, na Hadija akampa, akamwagiza Salama aweke chai. Chai ilipokwisha kunywewa na kikombe kuwekwa chini, Sista alisema maneno ambayo leo yanajulikana kila pembe ya milima hii: "Haya. Salamu zimekwisha. Sasa niambie."

Hadija akamwambia. Alisema ni kama amekalia kaa la moto lisilozimika. Alisema dawa ya maji ikiongezwa inamlaza kutwa nzima, asimjue hata mwanawe. Kisha akasema lililokuwa moyoni: Salama amechumbiwa, ndoa ni baada ya mavuno, na siku hiyo upande wa bwana harusi utaleta mkaja, ile zawadi ya heshima ambayo mama wa bibi harusi hupewa kwa sababu ya tumbo lililombeba mtoto. Tumbo hilohilo ndilo lililokuwa likimuua. Ndugu walikuwa wamemwambia apumzike ndani, dada yake ataupokea kwa niaba. "Mwanangu ni mmoja," alisema Hadija. "Nataka niupokee mwenyewe, nimekaa mkekani kama mama wengine. Nikiupokea kwa magoti nitaonekana ombaomba."

Mungu alikuwa amekwisha kuandaa msaidizi. Daktari Hashimu Singano, mzaliwa wa Mlalo, bingwa wa ganzi na usingizi, alifanya kazi Moshi na kurudi nyumbani kila sikukuu ya Idi; na kila akirudi, Sista Jenoveva alimnyang'anya siku mbili za mapumziko yake ili amsaidie Kwemtindi. Daktari alimpima Hadija, akaeleza kwamba iko njia. Kuna dawa ya kuchoma chini ya uti wa mgongo, iliyochanganywa na gliserini mpaka ikawa nzito kuliko maji yaliyomo humo. Mgonjwa akikalishwa ameegemezwa nyuma, dawa huzama polepole kama asali ndani ya chai, ikatulia juu ya mishipa ya fahamu inayoleta maumivu ya makalioni, ikaiua. Hakuficha ubaya wake: mtu anaweza kupoteza hisia za mkojo na za choo, na miguu inaweza kulegea. Hadija alikuwa tayari anatumia mpira wa mkojo, hivyo kwake hasara ilikuwa ndogo. Wala hataponywa saratani. Atakachopata, Mungu akijalia, ni kukaa.

Aliyekataa ni Salimu, shemeji wa Hadija, baba mdogo wa Salama na ndiye walii wake katika ndoa. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda shemeji yake na alimwogopea. Alisimama uani na kusema: "Sista, tunakuheshimu, lakini wewe ndiwe Nusukaputi. Shemeji yangu ugonjwa umeshamla nusu. Na wewe ukichukua nusu, harusi atahudhuria nani?" Jina lile alilolifurahia miaka yote sasa lilikuwa limefunga mlango. Sista hakubishana, jambo ambalo kwake tunalihesabu kati ya miujiza. Alimgeukia daktari, wakazungumza, kisha akamwomba Salimu aje hospitalini yeye mwenyewe, akae chumbani, atazame. Wangeanza kwa kumchoma Hadija ganzi ya kawaida, ile inayotoka yenyewe baada ya saa chache, waone tu kama mahali ni penyewe. Dawa ya kudumu isingeguswa bila neno la Hadija mwenyewe.

Siku hiyo Hadija alilazwa ubavu. Sista alimshika mabega na kumsemesha Kishambaa muda wote, habari za tangawizi na bei yake, huku daktari akitafuta nafasi kati ya mifupa kwa sindano nyembamba. Salimu alikaa kwenye stuli, tasbihi mkononi, macho hayabanduki. Baada ya kitambo walimwinua Hadija taratibu, wakamketisha ukingoni mwa kitanda. Alifumba macho akisubiri moto ule. Haukuja. Alifumbua jicho moja, kisha la pili, akajisogeza kidogo kulia, kidogo kushoto, kama mtu anayejaribu kiti dukani.

"Salimu," alisema, "mbona umekunja uso? Mimi nimekaa."

Salimu aliangua kilio. Ganzi ilipotoka jioni na maumivu kurudi, Hadija mwenyewe ndiye aliyesema: "Nichomeni ile ya kweli." Na Salimu akasema: "Sista, kumbe nusu yenyewe ni hiyo. Ichukueni."

Dawa ile nzito alichomwa kesho yake. Maumivu hayakwisha yote, na anayesimulia vinginevyo anatia chumvi. Hadija aliendelea kunywa mofini kidogo asubuhi na jioni. Lakini siku ya ndoa alikaa mkekani, ameegemea mto, hina mikononi, macho maangavu, tangu wageni walipoanza kufika hadi adhana ya alasiri. Mkaja ulipoletwa aliupokea kwa mikono miwili na kuuweka pajani, kisha akampigia bwana harusi hotuba ndefu juu ya namna ya kuishi na binti yake, ndefu kiasi kwamba wali ulipoa. Wanawake wa Mgwashi walipiga vigelegele. Sista Jenoveva alikuwa miongoni mwao, gambuti ameziacha mlangoni, naye walisema alipiga vigelegele vibaya kuliko wote.

Watu walisema ni muujiza. Daktari Hashimu alisema ni dawa na gliserini. Walipomtaka Sista aamue, alijibu kwamba yeye haoni ugomvi uko wapi, kwa kuwa Mwenye kutoa ni mmoja. Hadija aliishi hadi Salama alipopata mimba. Alifariki kwa amani, akiwa na akili zake zote, shahada ikisikika wazi mdomoni mwake.

Tangu hapo Sista hakuuliza tena habari za maumivu ndani ya salamu. Aliwafundisha wauguzi wa Kwemtindi, na wa zahanati za jirani, kusalimu kwa ukamilifu, kisha kukaa, kunywa kinachotolewa, na baada ya hapo kusema maneno yale. Pamoja na Daktari Hashimu waliwachoma sindano za namna ile wagonjwa wengi, kila mmoja mahali pake: wa tumbo nyuma ya tumbo, wa mbavu kati ya mbavu. Wengine walipata nafuu kubwa, wengine ndogo, na wachache hawakupata. Hao aliwatembelea mara nyingi zaidi kuliko wote.

Mwaka 2022 ugonjwa ulimjia yeye mwenyewe. Ilikuwa saratani ya kongosho, nayo ilikuwa imechelewa kugunduliwa. Alilazwa katika chumba cha konventi kinachotazama bustani ya kabichi. Masista waliingia mmoja mmoja: "Tumsifu Yesu Kristo, Sista. Waendeleaje?" Naye aliitikia: "Milele amina. Niwedi kabisa." Alitania, aliuliza habari za kuku, na dawa walizomletea aliziacha mezani. Alikuwa ameazimia jambo moyoni. Alifikiri kwamba yeye, mtawa, baada ya kuwapelekea wengine kikombe miaka yote, angeweza kukikataa kama Bwana wake alivyokikataa. Hakumwambia mtu. Mto wake ulianza kuwa na alama za meno.

Aliyeziona ni Sista Shukrani, muuguzi kijana aliyemlea mwenyewe kazini. Shukrani aliingia, akamwamkia shikamoo, wakasalimiana kwa urefu wote, kuku na kabichi na mvua. Kisha hakutoka. Alivuta kiti, akaketi, akanywa chai yake mpaka mwisho na kuweka kikombe chini. Sista Jenoveva alimtazama, akajua kinachokuja, akageuzia uso ukutani.

"Mama," alisema Shukrani, "salamu zimekwisha."

 Yule mwanamke mkaidi alianza kulia kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. "Inauma, mwanangu," alisema. "Inauma sana."

Mlangoni alikuwa amesimama Mama Secilia, sasa bibi kizee wa mkongojo. Hakusema neno juu ya msalaba. Alijikongoja hadi mezani, akapima mofini, akaileta kitandani.

"Jenoveva," alisema, "umeletewa."

Sista Jenoveva alikitazama kikombe kile kidogo. "Mimi siye Yeye, Mama," akasema. "Nipe." Akanywa.

Daktari Hashimu alipanda kutoka Moshi na kumchoma sindano nyuma ya tumbo, palepale ambapo wao wawili walizoea kuwachoma wagonjwa wa tumbo. Sista alipoamka na maumivu yamepungua aliomba kahawa, na kumwambia daktari kwamba sasa jina lake la Nusukaputi limetimia. Aliishi majuma kadhaa zaidi, akisali, akigombana na mpishi, akipokea wageni kutoka Mgwashi na Mlalo. Salama alikuja na mtoto wake wa kike, akamkalisha kitandani karibu naye. Sista alifariki tarehe 9 Septemba, mchana, masista wakiimba. Walioosha mwili wake wanasema uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyeketi baada ya safari ndefu.

Yapo yanayosimuliwa tangu hapo, nasi twayaandika bila kuyathibitisha. Mkulima mmoja wa Rangwi, mama aliyeficha maumivu yake hata kwa watoto wake, alisema aliota sista mfupi mwenye gambuti za matope ameketi kando ya kitanda chake, hasemi kitu, anasubiri tu. Alipoamka aliwaita wanawe, akawaambia ukweli, na siku hiyohiyo wakampeleka hospitali. Watu wengine humwomba awaombee waondolewe maumivu. Wanaomfahamu vizuri humwomba awape ujasiri wa kuyataja.

Ewe muumini, huna sindano wala hujui mahali pa kuichoma, na hakuna anayekudai hayo. Lakini jirani yako mgonjwa unaye. Nenda kwake leo. Bisha hodi, msalimu kama ulivyolelewa, uliza habari za watoto na za mvua, naye atakujibu niwedi. Usiage bado. Kaa chini, unywe chai, uweke kikombe, na umwambie maneno ya Sista Jenoveva. Halafu nyamaza, umsikilize.